Mistari ya konokono kwenye picha: jicho la picha likae wapi?

binti_wete

Assalam aleikum wakubwa zangu. Nipo Wete, Pemba. Kuna kikundi cha kinamama wanaosuka ukili (utepe mrefu wa majani unaoshonwa kuwa mkeka) wameniomba niwapigie picha za kuweka mtandaoni, nyingine za mikeka na makawa (vifuniko vya chakula) yenyewe, nyingine za wao wakiwa kazini. Natumia kamera ya mkono wa pili yenye sensa ya APS-C (ndogo kuliko fremu ya filamu) na lenzi ya mm 35, na betri ikiisha natumia simu.

Nimeona mafunzo mengi ya kupanga picha kwa spirali, ile mistari ya konokono inayoanzia ukingoni mwa picha, inajikunja, inajikunja, mpaka inaishia kwenye kitu kimoja. Nikaona hii ndiyo yangu, maana kinamama hawa wakishasuka ukili wanauviringisha, na duara lile linakaa sakafuni mbele yao mchana kutwa. Nimepiga nyingi. Nikifika kwenye Lightroom, programu ya kuhariri picha, nikaweka ile mistari juu ya picha, haikai. Nikiilaza juu ya duara la ukili, mwanzo wake unaendana kidogo, halafu kila mmoja unashika njia yake. Nikiipeleka kwenye uso wa bibi anayesuka, duara linakatwa na ukingo wa picha.

Je, ni lazima mistari ile ifuatwe sawasawa na hesabu yake ya 1.618, ule uwiano wa dhahabu? Na jicho la spirali, pale inapoishia, nilipate vipi nikiwa uwanjani kabla sijafika kwenye kompyuta? Na je, kwenye simu ni palepale kama kwenye kamera?

mtaa_kwa_mtaa

Dada, usijitese. Tumia theluthi, yaani gawa fremu mara tatu kwa upana na kwa kimo, uweke kitu pale mistari inapokatana; gridi ipo kwenye simu na kwenye kamera, imekwisha. Hii ya uwiano wa dhahabu imekuzwa kupita kiasi. Watu wanachora mstari juu ya kombe la nautilusi, kiumbe wa baharini mwenye kombe la kujikunja, na kusema maumbile yenyewe yanaufuata, wakati kombe lile kwa mzunguko mmoja linapanuka takriban mara 3 tu, na spirali ya dhahabu inapanuka karibu mara 7. Ni vitu viwili tofauti. Na ile mistari ya kwenye programu unaweza kuizungusha pembe zote nne, kwa hiyo mtu akichukua picha yoyote nzuri iliyokwisha kupigwa hakosi upande utakaomkubalia. Hapo amethibitisha nini?

mzee_wa_studio

Waaleikum salaam mwanangu. Nipo Tanga, nimepiga picha tangu enzi za filamu, na katika mambo yote ya kamera hili la spirali nalipenda sana. Nivumilie nikienda kwa urefu.

Kijana hapo juu amesema kweli kuhusu kombe na kuhusu kuzungusha mistari. Namuunga mkono. Ila hayo yanaonyesha kwamba spirali haifai kutumika kama cheti cha kubandika juu ya picha iliyokwisha kupigwa. Ukiwa bado umeshika kamera, hapo ina kazi kubwa.

Tuanze na ukili wako. Duara la ukili na mstari wa Lightroom ni spirali za aina mbili. Ukili una unene uleule mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo ukiuviringisha, nafasi kati ya mzunguko na mzunguko haibadiliki. Hiyo ndiyo spirali aliyoiandikia Archimedes wa Sirakusa katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Ile ya dhahabu kila robo ya mzunguko inapanuka mara 1.618. Haziwezi kulaliana mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo usijilaumu.

Kinachozikaribisha ni mahali unapoweka kamera. Ukisimama wima juu ya duara, mizunguko yote inaonekana sawa na picha inatulia kama sahani. Piga magoti. Sogea karibu mpaka ukingo wa duara uliopo upande wako ujae sehemu ya chini ya fremu, kamera iwe juu kidogo tu ya ukili, uelekeze upande wa pili. Sasa mizunguko ya karibu inatanuka, ya mbali inabanana, na mtazamaji anaingia ndani kwa mteremko. Hapa simu yako inaishinda kamera yako, kwa sababu lenzi kuu ya simu ni pana kuliko mm 35 kwenye APS-C, ambayo inaona kama mm 52 hivi ya filamu. Kadiri lenzi inavyokuwa pana na wewe ukawa karibu, ndivyo cha mbele kinavyokua na cha nyuma kinavyopungua.

Lakini kama kazi ni yangu, duara la ukili nisingelifanya mwisho wa safari. Ningelifanya mwanzo. Mtazame msukaji mwenyewe. Duara lipo sakafuni. Kutoka kwenye duara unatoka utepe, unapita mkekani, unapanda juu ya goti au pajani, unapinda, unafika vidoleni. Pale vidoleni kuna miyaa, vile vipande vya majani, ambayo bado haijasukwa, imesimama huku na huku, myeupe au imetiwa rangi, inashika mwanga. Konokono wako ndiye huyo, na tayari amejichora. Mkunjo mkubwa ni duara, wa kati ni utepe unaopanda, mdogo ni vidole vinavyoingiza mwaa mpya. Macho ya mtazamaji yakifika vidoleni yanakaa, kwa sababu pale kuna kazi inayofanyika. Kwenye duara hakuna kinachotendeka, ni kazi iliyokwisha.

Uso wa bibi je? Uache ndani ya fremu ukiweza, ila uwe nje ya mkondo, na ukiwa kwenye kivuli chepesi ni bora zaidi. Uso una nguvu sana. Ukiwa na mwanga kuliko vidole, njia yote uliyojenga inarukwa, mtu anakwenda moja kwa moja usoni. Kama picha unayoitaka ni ya uso, basi fanya uso uwe mwisho wa mkunjo: mtandio wa kichwani, bega, mkono, utepe, vyote vizunguke kuelekea kwake. Lakini chagua kimoja. Picha yako iliyogoma nadhani iligoma hapo, uso na vidole vinavutana kila kimoja upande wake.

Mfano ninaoupenda ni wa Henri Cartier-Bresson, Mfaransa, aliopiga mwaka 1932 katika mji wa Hyères, kusini mwa Ufaransa. Yupo juu ya ngazi za kuzunguka, anatazama chini. Ngazi na vyuma vya kushikilia vinajipinda kushuka mpaka barabarani, na kule juu kushoto mwendesha baiskeli anapita, ametoka na ukungu wa mwendo. Itazame taratibu. Ngazi hazina mtu. Zimefanya kazi moja tu, kukushika mkono na kukushusha mpaka barabarani, na unapofika chini unakuta baiskeli inaondoka. Ngazi zingekuwepo hata kesho yake. Baiskeli ilikuwepo kwa kufumba na kufumbua. Mkunjo umekaa pale ukimngoja mtu wa kuukamilisha, na hivyo ndivyo ninavyokuomba umngoje bibi wako mpaka mkono uingize mwaa.

Na kamera za Leica alizotumia zilikuwa na fremu ya mm 24 kwa 36. Gawanya, unapata 1.5. Si 1.618. Kwa hiyo swali lako la kwanza jibu lake ni hapana, si lazima. Kabla ya kamera alisomea uchoraji katika studio ya André Lhote jijini Paris, mwalimu aliyesisitiza sana jiometri ya picha, kwa hiyo jicho lake lilikuwa limekwisha kufundishwa.

Swali la pili ndilo lililonifanya niandike. Jicho la spirali unaweza kulipata kwenye fremu yoyote bila programu. Chukua karatasi yenye umbo la fremu yako. Chora ulalo, pembe hadi pembe. Kisha kutoka pembe moja kati ya mbili zilizobaki, teremsha mstari unaokutana na ule ulalo kwa pembemraba. Pale inapokutana ndipo jicho lilipo. Ziko nne, kwa sababu unaweza kuanza na ulalo wowote na pembe yoyote.

Ukipima utaona jambo zuri. Katika mstatili wa dhahabu kamili, ambao upana wake ni mara 1.618 ya kimo, jicho liko asilimia 72 ya upana na asilimia 72 ya kimo. Katika fremu ya kamera yako, 3 kwa 2, liko asilimia 69. Katika simu, ambayo kwa kawaida ni 4 kwa 3, liko asilimia 64. Theluthi iko karibu asilimia 67. Unaona? Kamera yako inataka jicho lisogee kidogo kuelekea pembeni kuliko msalaba wa theluthi, na simu inataka lirudi kidogo kuelekea katikati. Tofauti ni ndogo kiasi kwamba gridi ya theluthi iliyomo kwenye vioo vya vifaa vyako vyote viwili inakutosha uwanjani. Washa gridi, weka vidole vya bibi kwenye msalaba, kisha sogeza kidogo sana. Hapo mimi na kijana wa theluthi tumekutana. Anachokiacha ni njia. Theluthi inakuambia kitu kikae wapi, haikuambii mtazamaji afikeje pale.

Mwanga ndio unaoamua. Mkae karibu na mlango au dirisha, bibi akae ubavu kwa mwanga, vidole viwe karibu na dirisha kuliko duara. Njia ianze kwenye kivuli na iishie kwenye mwanga. Halafu zunguka kwa macho pembe nne za fremu kabla hujabonyeza. Ndoo nyeupe ya plastiki pembeni, kandambili ya buluu, tundu la jua sakafuni, vyote hivyo vinavunja mkunjo, kwa sababu macho ya mtazamaji yanakimbilia palipo na mwanga mkali. Ondoa ndoo. Usiseme utaifuta baadaye.

Tundu la lenzi usilifungue sana. Najua f/1.8, tundu pana, inapendwa, inafanya nyuma iyeyuke. Lakini ukiwa mita moja kutoka vidoleni na duara likayeyuka, njia imeyeyuka nalo. Nenda f/5.6, au f/8 mwanga ukiruhusu. Duara litakuwa laini kidogo ila litasomeka. Shata 1/250 ya sekunde ukitaka vidole vigande. Mimi ningeteremka mpaka 1/30, kamera imetulia juu ya goti au kibao, ukili umesimama kimya na vidole tu ndivyo vimetikisika.

Kupima picha ikishapigwa, njia yangu ni kumpa mtu ambaye hakuwepo, asiyejua lolote la kamera. Mwambie aonyeshe kwa kidole alipoanza kutazama na alipoishia. Kama ameishia vidoleni, spirali yako ipo. Kama ameishia kwenye ndoo, ipo ya ndoo.

mtaa_kwa_mtaa

Shikamoo mzee. Hesabu ya ulalo nimeichora sasa hivi, imekubali. Nilikuwa sijui kwamba kwenye fremu ya 4 kwa 3 jicho linarudi ndani ya theluthi. Nitaijaribu feri nikipata muda, kwenye kamba za meli zilizoviringishwa sitahani.

mzee_wa_studio

Marahaba. Kamba ni mwalimu mzuri, ila tafuta kamba yenye mtu mwisho wake.

Na kwa kuwa unapenda historia: picha iliyomsukuma Cartier-Bresson aingie kwenye upigaji picha kwa moyo wote ni ya Martin Munkácsi, Mhungari, ya vijana watatu weusi wanaokimbilia majini, migongo kwetu, mawimbi mbele yao. Kwa miaka mingi imetajwa kuwa ni ya Ziwa Tanganyika, ingawa wengine wanaiweka Liberia. Haina spirali ya kuchora. Lakini tazama mikono na miguu yao inavyokunjana, povu la maji linavyopokea mkunjo ule, na miili inavyofunga mstari pamoja. Haikuhitaji hesabu.

dada_wa_harusi

Habarini. Mimi nipo Mombasa, napiga harusi. Niongeze la ngazi, maana kumbi nyingi siku hizi zina ngazi za kuzunguka na kila bi harusi anaitaka picha ile ya kutoka juu.

Kosa ninaloliona kila wiki: mpigapicha anainama katikati kabisa ya uwazi wa ngazi. Akifanya hivyo anapata duara ndani ya duara, kama shabaha, jicho lipo katikati na halina pa kwenda. Sogea nusu hatua upande. Kitovu cha ngazi kitakwenda kando na mizunguko ya upande mmoja itapanuka kuliko ya upande wa pili, spirali inazaliwa hapohapo. Bi harusi msimamishe ngazi chache kabla ya mwisho, uso juu, mkia wa gauni uachwe ulale kwenye ngazi za juu yake ufuate mkunjo. Mtu mmoja aulaze kwa mkono, usiutupe tu, kwa sababu ukikunjika kinyume na ngazi unapigana nazo. Taa za dari nazimisha ikiwezekana, nabaki na za chini.

Na mkanda wa kamera uzungushe kifundo cha mkono. Kuna watu wanapita chini.

binti_wete

Ahsanteni sana, na mzee Mungu akuzidishie. Nimerudi leo asubuhi kwa bibi mmoja, nimemuweka ubavu kwa mlango, nimepiga magoti upande wa duara. Nilichokiona ni kwamba utepe wa ukili ulikuwa unapotea kwenye kanga yake kwa sababu kanga ina maua mengi. Nikamuomba binti yake alete kanga nyingine, ya rangi moja kwa sehemu kubwa, ikalazwa juu ya mapaja, na hapo utepe ukaonekana wote, kutoka sakafuni mpaka mkononi. Nimempa jirani yao simu atazame, kidole chake kimeanzia kwenye duara kikaishia kwenye miyaa.

Nina moja limebaki. Mtandao wanaotaka kuuzia unadai picha za mraba. Nikiikata hii iwe mraba, mbona inakufa? Duara linakatika au mikono inakuwa katikati, yote mabaya.

mzee_wa_studio

Hongera kwa kanga, hilo sikulifikiria na ni la maana.

Kuhusu mraba, rudi kwenye ile karatasi. Chora ulalo wa mraba, halafu teremsha mstari kutoka pembe nyingine. Utaona unakutana na ulalo katikati kabisa, asilimia 50, kwa sababu nyalo mbili za mraba zinakatana kwa pembemraba. Mraba hauna jicho la pembeni la kuzaliwa nalo. Ndiyo maana picha iliyojengwa kwa mkunjo wa mstatili ikikatwa mraba inakosa pumzi. Hata 4 kwa 5 ya kusimama, ambayo mitandao mingi inaikubali, ina jicho lake kwenye asilimia 61, bado kuna nafasi ya kuzungukia.

Kwa hiyo usiikate. Piga mbili. Picha ya bibi akisuka iache mstatili, iwekwe juu ya ukurasa au kwenye 4 kwa 5, hiyo ndiyo ya kumfanya mtu asimame. Picha ya mraba ipigie bidhaa, na kwenye mraba kubali katikati: kawa moja, kamera wima juu yake, ncha ya kawa kwenye kitovu cha fremu, mizunguko ya ukili ikitoka pande zote kwenda pembeni. Ile spirali ya Archimedes iliyokugomea kwenye Lightroom hapa inakaa yenyewe, haihitaji kulazimishwa. Mwanga uje kutoka ubavuni, chini kidogo, asubuhi au alasiri, ili kila mshono utupe kivuli chake chembamba. Mwanga wa mchana wa juu unaifuta mishono na kawa linaonekana kama karatasi.

Ukipiga, acha nafasi ya vidole viwili kati ya ukingo wa kawa na ukingo wa picha kwenye kioo cha simu, kwa sababu mitandao mingine inakata pembe zikawa za mviringo.